Elimu ya Ujasiriamali kwa Wahitimu wa Vyuo Vikuu: Inafundisha Nini, na Ipimwe kwa Kipi?

Kila mjadala wa wahitimu wasio na kazi unapopamba moto, kuna jibu moja ambalo halikosi msemaji: vijana wafundishwe ujasiriamali, wajiajiri. Jibu hilo linapendwa kwa sababu linaonekana kumaliza mambo kadhaa kwa mpigo: ajira, uchumi, na ile lawama kwamba vyuo vikuu vinatoa watu wa vyeti tu. Basi somo linaingizwa kwenye mtaala na kupewa muhula mmoja. Wanafunzi wanaandika mchanganuo wa biashara, wanasahihishiwa, wanavaa majoho. Miaka michache baadaye wanahesabiwa waliofungua biashara, hesabu inakuwa ndogo, na wale wale waliolipigia debe somo wanaanza kusema halina faida.

Kwa maoni yangu, matumaini yale na kukata tamaa huku vina chanzo kimoja. Jina “elimu ya ujasiriamali” limebeba mafunzo ya aina tofauti yenye malengo tofauti, na sisi tunayapima yote kwa swali moja tu: amefungua kampuni, au hajafungua? Kwa sehemu kubwa ya kazi ambayo somo hili linaiweza, swali hilo halifai.

Tuanze na mjasiriamali mwenyewe ni nani, maana mtaala hutegemea jibu hilo. Mchumi Richard Cantillon, ambaye andiko lake lilichapishwa mwaka 1755, miaka mingi baada ya kifo chake, alimweleza kuwa ni mtu anayenunua kwa bei anayoijua ili aje kuuza kwa bei asiyoijua. Mchumi mwingine, Joseph Schumpeter, mwanzoni mwa karne ya 20, alimwona kama mtu anayeunganisha vitu kwa namna mpya: bidhaa mpya, njia mpya ya kuzalisha, soko jipya, chanzo kipya cha malighafi, au mpangilio mpya wa sekta nzima. Mwaka 1921 mchumi Frank Knight akaongeza tofauti ambayo naiona muhimu kuliko zote kwa mwalimu wa leo. Kuna hatari inayopimika, kama vile uwezekano wa nyumba kuungua, ambayo kampuni ya bima inaweza kuikokotoa. Na kuna kutojua kusikopimika, pale ambapo hakuna rekodi za nyuma za kukokotolea chochote. Kwa Knight, faida ya mjasiriamali inatokana na kukubali kubeba hii ya pili.

Sasa mtazame mhitimu wetu. Tangu darasa la kwanza hadi shahada amefaulu kwa kujibu maswali ambayo aliyeyauliza anayajua majibu yake. Ukimpa mtihani wa ujasiriamali wenye maswali ya kuchagua, atafaulu pia, kwa ustadi ule ule. Lakini swali la mjasiriamali halina mwongozo wa kusahihishia. Hakuna mhadhiri anayejua kama wateja watanunua. Hiyo ndiyo sababu somo hili ni gumu kulifundisha chuoni kuliko hesabu au sheria. Tabia ya akili linayoitaka inagongana na tabia iliyomfikisha mwanafunzi hapo alipo.

Wataalamu wa mitaala wamezoea kuyagawa mafunzo haya kwa makusudi yake. Yapo ya kujua habari za ujasiriamali: nadharia zake, historia yake, mchango wake katika uchumi. Haya yanafaa kwa mtu atakayekuwa mtunga sera, afisa wa benki au mtafiti, na hayadai kumfanya mtu mfanyabiashara. Yapo yanayomwandaa mtu kuanzisha biashara: kutafuta mteja, kupanga bei, kusajili kampuni, kutunza hesabu, kutafuta mtaji. Na yapo yanayotumia shughuli ya kibiashara kama njia ya kumjenga mtu, hata kama atakwenda kuwa muuguzi au mhandisi wa serikali, ili ajifunze kuanza jambo bila kusubiri kuagizwa. Mwaka 2016 Umoja wa Ulaya ulitoa mfumo wake wa stadi za ujasiriamali, stadi 15 kwa jumla. Mfumo huo unauchukulia ujasiriamali kuwa uwezo wa kugeuza wazo au fursa kuwa kitu chenye thamani kwa wengine, iwe thamani ya fedha, ya kijamii au ya kiutamaduni. Kwa kipimo hicho, kufungua kampuni ni tokeo moja kati ya mengi.

Tatizo ni kwamba vyuo vingi vinatangaza lengo la pili, vinafundisha kwa namna ya lengo la kwanza, kisha vikibanwa na takwimu vinajitetea kwa lengo la tatu. Mwanafunzi aliyeambiwa “utatoka hapa ukiwa mwajiri” akapewa mihadhara juu ya nadharia za Schumpeter ana haki ya kulalamika.

Je, utafiti unasema nini? Umefanyika wa kutosha kiasi cha kutuondolea kubahatisha. Ule unaowagusa wahitimu moja kwa moja ulifanyika Tunisia. Katika mwaka wa masomo 2009/2010 wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa shahada ya kwanza waliruhusiwa kuandika mchanganuo wa biashara badala ya tasnifu ya kawaida, huku wakipewa mafunzo ya biashara na mshauri wa kuwafuatilia binafsi. Waombaji waligawanywa kwa kura: wengine wakaingia kwenye mpango huo, wengine wakaendelea na njia ya zamani, ili makundi mawili yaweze kulinganishwa kwa haki. Takriban mwaka mmoja baada ya kuhitimu, waliopitia mpango walikuwa wamejiajiri zaidi ya wenzao, lakini kwa tofauti ya pointi 1 hadi 4 za asilimia tu. Na jumla ya waliokuwa na kazi ya aina yoyote haikubadilika. Waliojiajiri waliongezeka kidogo, walioajiriwa wakapungua kidogo. Watafiti waliporudi kuwatafuta miaka minne baada ya kuhitimu, hata tofauti ile ndogo ilikuwa imeyeyuka.

Matokeo hayo hayapendezi, lakini yanasema kitu mahususi. Mafunzo yanaweza kumsogeza mtu kutoka foleni moja ya kazi hadi nyingine. Hayawezi peke yake kurefusha soko la ajira. Anayeahidi kwamba kozi ya muhula mmoja itafuta ukosefu wa ajira anaahidi kitu ambacho kozi haikuumbiwa.

Utafiti mwingine, wa Uholanzi, ulichapishwa mwaka 2010. Wanafunzi wa chuo cha elimu ya juu waliendesha kampuni ndogo kama sehemu ya masomo yao, wakilinganishwa na wenzao wa kampasi nyingine ambao hawakupata mpango huo. Stadi za wanafunzi hazikuonekana kukua kwa namna ya kutajika, na nia yao ya kuwa wajasiriamali ilishuka. Mwaka huo huo watafiti wa Munich, Ujerumani, walichapisha uchunguzi wa kozi ya lazima: nia ya wastani ya kuanzisha biashara ilipungua kidogo, lakini wanafunzi walitoka wakijijua vizuri zaidi, kila mmoja akiwa na picha iliyo wazi kuhusu kama njia hiyo inamfaa.

Magazeti yakizipata habari hizi huandika kwamba kozi imeshindwa. Mimi nazisoma kwa jicho jingine. Katika Marekani, takwimu rasmi za kazi zinaonyesha kwa miaka mingi kwamba karibu biashara 1 kati ya 5 mpya hufungwa ndani ya mwaka wa kwanza, na karibu nusu haziupiti mwaka wa tano. Kijana anayegundua darasani, kwa gharama ya muhula mmoja, kwamba hapendi kuuza na hapati usingizi akiwa na deni, ameokoa akiba ya wazazi wake na miaka ya ujana wake. Kozi inayowapunguza wasiofaa na kuwaimarisha wanaofaa inafanya kazi nzuri sana, ila kazi hiyo haionekani ukihesabu kampuni zilizosajiliwa.

Tuje sasa kwenye kile kinachochukua muda mwingi kuliko vyote katika kozi hizi, yaani mchanganuo wa biashara. Mwaka 2011 Nigeria iliendesha shindano kubwa la michanganuo kwa vijana. Waombaji walikaribia 24,000, washindi wakawa 1,200, kila mmoja akipata ruzuku iliyofikia kwa wastani takriban dola 50,000 za Marekani. Fedha hizo zilikuwa na matokeo makubwa: miaka mitatu baadaye washindi walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa wanaendesha biashara na kuajiri watu. Lakini watafiti walipolinganisha alama ambazo majaji waliipa michanganuo na hali ya biashara hizo baadaye, alama hazikubashiri kitu. Mchanganuo uliopata alama za juu haukuwa na uhusiano na nani angedumu, nani angeajiri wala nani angepata faida.

Sababu yake inaonekana ukimfuata mtu mmoja kwa karibu. Chukua mhitimu wa sayansi ya kompyuta, wa kubuni tu, mwenye wazo la programu inayowakumbusha wagonjwa miadi yao kwa ujumbe wa simu. Anataka kuiuza kwa kliniki. Mchanganuo wake una kurasa 30, una jedwali la mapato ya miaka mitano, na una sehemu ya utafiti wa soko inayosema kwamba karibu kliniki zote alizozihoji zingependa huduma hiyo. Amewauliza, “Je, mngependa programu kama hii?” Wakasema ndiyo. Kusema ndiyo hakuna gharama, na mtu muungwana hamvunji moyo kijana.

Mwalimu mzuri angemrudisha kliniki akaulize yaliyokwisha kutokea, asiulize yatakayokuja. Mazungumzo ya mapokezi yangekuwa hivi:

“Dada, wagonjwa wanaosahau miadi huwa mnawafuatiliaje?”

“Ninawaandika kwenye daftari hili. Nikipata nafasi mchana nawapigia.”

“Wiki iliyopita uliwapigia wangapi?”

“Wiki iliyopita? Mh, sikupata nafasi.”

Jibu hilo la mwisho ni zito kuliko kurasa 30. Tatizo lipo, na daftari halilitatui. Lakini dada wa mapokezi si mlipaji. Mlipaji ni mwenye kliniki, na akiulizwa anapoteza nini mgonjwa asipotokea, anaweza kujibu kwamba hapotezi chochote, kwa kuwa foleni ni ndefu kila siku na nafasi ya aliyekosa inajazwa papo hapo. Hapo mhitimu anagundua kwamba soko lake si kliniki zote. Ni wale wanaouza muda wao kwa miadi, kama daktari wa meno au mtaalamu wa tiba ya viungo, ambao kiti kikikaa kitupu nusu saa, mapato ya nusu saa hiyo hayarudi. Soko limepungua kwa zaidi ya nusu, lakini sasa lina mteja halisi mwenye maumivu halisi. Hakuna jaji ambaye angeyaona haya kwenye karatasi, kwa sababu hayakuwamo.

Mkazo huu wa kumtoa mwanafunzi darasani akaonane na wateja mapema ulienea vyuoni kwa kasi mwanzoni mwa miaka ya 2010, hasa kutokana na kozi ya mjasiriamali na mwalimu Steve Blank katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Mchanganuo ulibaki, ila ukahama: ukawa jambo la kuandikwa baada ya mtu kujua anachokiuza na anayemuuzia, pengine kwa sababu benki inautaka.

Kuna somo la pili ambalo mhitimu huyu hulipata kwa machozi kama hajafundishwa, nalo ni tofauti ya faida na fedha taslimu. Tuseme amepata kliniki 10, kila moja inalipa 100 kwa mwezi kwa sarafu yoyote ile. Gharama zake kwa kila kliniki ni 60: ujumbe wa simu, seva, nauli, msaidizi. Kwenye daftari la hesabu anapata faida ya 400 kila mwezi. Lakini makubaliano ni kwamba ankara ya mwisho wa mwezi inalipwa baada ya siku 60, ilhali kampuni ya simu inataka fedha zake kabla ujumbe haujatumwa. Ankara ya mwezi wa kwanza italipwa mwisho wa mwezi wa tatu. Kufikia siku hiyo ameshatoa 1,800 mfukoni na hajapokea hata senti, huku vitabu vikimwambia ana faida ya 1,200. Angeanza na kliniki 20, shimo lingekuwa 3,600. Kadiri anavyofanikiwa kuuza ndivyo fedha zinavyomkauka. Biashara nyingi zenye wateja na zenye faida hufa kwa namna hii hii, na mhitimu aliyefundishwa kuandika mapato ya miaka mitano bila kufundishwa kupanga tarehe za kuingia na kutoka kwa fedha ametumwa vitani bila ngao.

Dawa zake zinafundishika kwa saa mbili: omba malipo ya awali, fupisha siku za kulipwa, toa punguzo kwa anayelipa mapema, kataa mteja mkubwa ambaye huwezi kumudu kuyangoja malipo yake. Naona ajabu kwamba mitaala mingi huyapa haya nafasi ndogo kuliko orodha ya sifa za mjasiriamali bora.

Kuhusu sifa hizo, utafiti mmoja wa Togo uliochapishwa mwaka 2017 katika jarida la Science unastahili kutajwa, ingawa washiriki wake walikuwa wenye biashara ndogo 1,500 na si wahitimu wa vyuo. Kundi moja lilipewa mafunzo ya kawaida ya biashara: hesabu, masoko, usimamizi wa fedha. Kundi lingine lilipewa mafunzo ya kisaikolojia ya kuchukua hatua: kuanza bila kusukumwa, kutafuta fursa, kupanga mbele, kurudi ulingoni baada ya kuanguka. Kundi la tatu halikupewa kitu. Faida ya waliofunzwa kuchukua hatua ilipanda kwa asilimia 30 ikilinganishwa na ya wasiofunzwa. Kwa wale wa mafunzo ya kawaida ongezeko lilikuwa asilimia 11, kiwango ambacho kitakwimu hakikuweza kutofautishwa na bahati. Kwa hiyo tabia zinafundishika, ila kwa mazoezi ya kurudiarudia. Kuzikariri kwenye slaidi hakumbadilishi mtu.

Mtafiti wa ujasiriamali Saras Sarasvathy, katika kazi yake iliyochapishwa mwaka 2001 na kuendelezwa baadaye, aliwachunguza waanzilishi 27 wenye uzoefu mkubwa namna wanavyofikiri. Wengi hawakuanza na lengo kubwa kisha wakatafuta mtaji wa kulifikia. Walianza na walichonacho: mimi ni nani, najua nini, namjua nani. Na badala ya kujiuliza watapata kiasi gani, walijiuliza wako tayari kupoteza kiasi gani. Kwa mhitimu asiye na akiba, swali hilo la pili ni la kulala nalo. Mwambie aandike, kabla ya kuanza: miezi mingapi, fedha kiasi gani, za nani, na ni ishara gani ikionekana ataacha. Mwenye ukomo ulioandikwa anaweza kujaribu mara tatu maishani. Asiyenao huweza kumalizwa na jaribio la kwanza.

Lipo jambo jingine ambalo vyuo haviwaambii vijana kwa uwazi. Picha ya mwanzilishi aliyeacha chuo akiwa na miaka 20 ni ya kuvutia, lakini haiwakilishi hali ilivyo. Uchunguzi uliofanywa kwa kumbukumbu za waanzilishi wapatao milioni 2.7 nchini Marekani na kuchapishwa mwaka 2020 ulikuta kwamba wastani wa umri wa waanzilishi wa kampuni zilizokua kwa kasi kuliko zote, 1 kati ya 1,000, ni miaka 45. Na kuwahi kufanya kazi katika sekta ile ile kuliongeza sana uwezekano wa kufanikiwa. Mhitimu anayekwenda kuajiriwa miaka mitano kwenye sekta anayoilenga, akijua anachunguza nini, hajaukimbia ujasiriamali. Anakusanya vitu ambavyo darasa halina: anajua bei za jumla, anajua nani analipa kwa wakati, anajua wateja wanalalamikia nini, na ana majina ya watu wanaopokea simu yake.

Tukifika hapo ni lazima tuseme pia habari ya mtaji na kinga. Mtoto wa familia yenye uwezo anaweza kujaribu na kuanguka akarudi kulala nyumbani. Mwenye mkopo wa masomo na wadogo wanaomtegemea hana nafasi hiyo, hata kama wazo lake ni bora zaidi. Kumwambia huyu wa pili kwamba penye nia pana njia, kisha kumwachia lawama akishindwa, ni kumbebesha mtu mmoja mzigo wa uchumi mzima. Mafunzo yakienda pamoja na ruzuku, dhamana ya mkopo, au angalau muda wa kupumua kabla ya kuanza kurejesha mkopo wa masomo, yana nafasi. Yakitolewa badala ya hivyo vyote, yanageuka kuwa njia rahisi ya serikali na vyuo kunawa mikono.

Kwa chuo kinachotaka kulifanya somo hili kwa dhati, mabadiliko makubwa ni mawili. La kwanza ni muda na mahali. Muhula wa mwisho, mwanafunzi akihangaika na mitihani, ni wakati mbaya kuliko wote. Mazoezi ya kuuza kitu kidogo kwa mtu asiyemjua yaanze mwaka wa pili, ndani ya fani yake mwenyewe, ili mwanafunzi wa kilimo ashughulike na matatizo ya wakulima, naye wa famasia ashughulike na ya wagonjwa. Kisha mlango ubaki wazi kwa mhitimu kurudi akiwa na miaka 30 au 40, akiwa na tatizo alilolikuta kazini, apate mshauri, wanasheria wa kitengo cha msaada wa kisheria cha chuo, na maabara. Vituo atamizi vingi, yaani vituo vya kulea biashara changa, huwafungia nje watu hawa hawa, kwa kuwa vimewekewa masharti ya umri au ya kuwa mwanafunzi.

La pili ni kipimo. Chuo kiwatafute wahitimu wake mwaka wa tatu na wa saba, na pamoja na kuuliza kama wamefungua biashara kiulize: ulijaribu nini, kwa gharama gani, ulijuaje kwamba linafaa au halifai, na ukiacha, uliacha ukiwa umebakiwa na nini? Aliyeajiriwa aulizwe ameanzisha nini pale kazini ambacho hakikuwepo. Majibu yakilinganishwa na ya wahitimu ambao hawakupitia kozi, chuo kitajua sehemu ipi ya somo ibaki na ipi iondolewe.

Watakaopinga watasema kufuatilia wahitimu kwa miaka saba ni gharama. Ni kweli, lakini ni gharama ndogo kuliko kuwafundisha maelfu ya vijana kila mwaka kitu ambacho hakuna aliyewahi kukagua kama kiliwafaa.